Kabla hujaacha kazi: barua kwa mwanangu Salim

Mwanangu Salim,

Ujumbe wako wa sauti wa Ijumaa nimeusikiliza mara tatu. Unauliza kama uache kazi ya ukaguzi wa ubora hapo Chattanooga, ufungue kampuni yako ya kufundisha na kushauri karakana zinazotaka kutengeneza vifaa vya vinu vya nyuklia. Ukasema, "Mama, umekaa humo miaka 22, niambie kweli." Haya baba, nakuambia.

Wateja wapo. Kuna karakana zina mafundi hodari wa vali na matangi, lakini zikiambiwa zitimize vigezo 18 vya ubora vya Kiambatisho B, vilivyomo katika kanuni za nyuklia za Marekani tangu 1970, hazijui zianzie wapi. Tatizo ni kwamba kitabu cha NQA-1, kile cha viwango vya ubora wa kazi za nyuklia, yeyote mwenye pesa anakinunua. Wewe utawauzia nini ambacho hakimo kitabuni?

Kuna jambo sijawahi kukusimulia kwa ukamilifu. Kiwanda kimoja nilichofanyia kazi kule Pennsylvania, jina silitaji, kilitaka mhuri wa N wa ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, yaani kibali cha kutengeneza vifaa vya nyuklia. Wakubwa wakaita mshauri. Alikaa wiki mbili na laptopu yake, akatuachia mwongozo wa ubora mnene, umechapwa vizuri, una hadi nembo. Mimi nilikuwa chumbani nasoma filamu za eksirei za mishono ya kuchomelea. Hakuniuliza hata neno moja. Siku ya siku, wakaguzi wa ASME hawakukaa sana ofisini. Wakashuka karakanani, wakamwendea mchomeleaji mmoja mzee: ukikuta chuma hiki hakina namba iliyogongwa, unafanyaje? Mzee wa watu akasema ukweli: natafuta kipande kingine. Mwongozo ulitaka kipande kile kitengwe, kifungwe kibandiko, kiandikiwe ripoti. Kufunua kurasa mbili mbele, wakakuta jina la kiwanda kingine kabisa. Bwana mshauri alinakili akasahau kufuta! Nilitamani ardhi inimeze, na wala si mimi niliyeandika. Mhuri hatukuupata safari ile.

Tulikuja kuupata baadaye, aliposhika kazi msimamizi wetu wa zamu. Kila Jumatatu alfajiri alikuwa anaweka kipande kibovu mezani na karatasi zake, anatuuliza kosa liko wapi. Miezi saba hivyo. Yule mzee akawa ndiye anayewasahihisha vijana.

Hilo ndilo la kuuza, baba. Mteja akitaka umwandikie mwongozo tu uende zako, mwachie mwingine pesa hizo. Na wafundishe kwa visa vya kweli. Waeleze kiwanda cha kufua chuma cha Creusot, Ufaransa, ambako mwaka 2016 ilibainika kwamba mafaili ya vipande vya chuma vilivyofuliwa yalikuwa na dosari zilizofichwa kwa miaka mingi. Waeleze Korea Kusini mwaka 2012, vinu viwili vya Yeonggwang vilipozimwa kwa sababu ya vipuri vyenye vyeti bandia. Taratibu za maandishi zilikuwapo huko kote.

Sasa pesa. Kazi hii huja kwa misimu kama kusi na kaskazi, ila kusi na kaskazi zina miezi yake inayojulikana. Unakumbuka 2017: Machi Westinghouse, kampuni ya kusanifu vinu, ikaomba ulinzi wa mufilisi, Julai vinu viwili vya kituo cha V.C. Summer kule South Carolina vikaachwa katikati ya ujenzi. Jirani hapo Georgia, kituo cha Vogtle waliendelea, kinu cha 3 kikaanza kazi ya biashara Julai 2023. Mshauri aliyetegemea mteja mmoja wa South Carolina angekula nini miaka hiyo yote? Weka akiba ya mwaka mzima, kodi na ada ya Rehema ndani yake. Siyo kwa sababu ya njaa tu. Iko siku mteja atakuomba usilitaje jambo fulani kwenye ripoti, na mwenye deni la nyumba hukubali upesi. Ile Sehemu ya 21 ya kanuni za nyuklia za Marekani inayobandikwa ukutani, inayodai kasoro ziripotiwe, nimepita mbele yake miaka mingi kabla ya kuisoma vizuri. Huduma za ushauri zinazohusu kifaa chenyewe zimetajwa humo. Usidhani mshauri yuko nje ya sheria.

Jibu langu basi: usiache bado. Ulinieleza umeshiriki kaguzi tatu. Ili uhitimu kuwa mkaguzi kiongozi kwa NQA-1 unahitaji tano zisizovuka miaka mitatu, na moja iwe ya nyuklia katika mwaka wa mwisho. Ukitoka leo, hizo mbili utazipatia wapi, na nani atamlipa mwalimu asiyeweza kuongoza ukaguzi? Zimalize kwanza kwa mshahara wa mwajiri wako. Na siku ukiondoka, usibebe hata karatasi moja yake. Soma tena mkataba wako, kipengele cha wateja hasa.

Daftari langu la kasoro nimempa shangazi yako, anasafiri kuja huko mwezi ujao. Michoro ya nyufa na viputo ni ya mkono wangu, mingine imefifia kwa unyevu wa Mombasa. Usipoelewa kitu nipigie, lakini si wakati wa Magharibi.

Mamako