Mkataba unaisha Aprili, mpunga unavunwa Juni

SWALI: Nasimamia mikopo ya kilimo katika tawi la benki hapa Mbeya. Maafisa wangu wanne wana mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Mwanzoni wanachapa kazi, lakini ikibaki miezi mitatu hawaendi tena kwa wakulima. Ni uvivu au ni mkataba?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Kabla ya kumlaumu mtu, tazama tarehe. Mkulima wa mpunga wa Usangu anakopa mwishoni mwa mwaka, mvua zinapokaribia, na fedha inarudi akishavuna, kuanzia Mei au Juni. Afisa ambaye mkataba wake unaisha Aprili anatoa mkopo ambao marejesho yake hatayaona. Akipimwa kwa idadi ya mikopo aliyotoa, atatoa mingi. Kwenda Mbarali, huko huko Usangu, mwezi Februari kuangalia kama maji ya mfereji yamefika shambani hakumwongezei kitu.

Mwaka 1991 watafiti Meyer na Allen waligawa moyo wa mfanyakazi wa kujitoa kwa taasisi yake katika mafungu matatu: kuipenda taasisi, kuona hasara ya kuondoka, na kuhisi wajibu wa kubaki. Mkataba mfupi huanza kula hilo la pili, kwa sababu anayejua ataondoka hana cha kupoteza. Mapenzi yanaweza kubaki, ndiyo maana wateja bado wanapokelewa vizuri dirishani. Wewe fungua faili la mkopaji uone taarifa ya mwisho ya kutembelea shamba ni ya tarehe gani. Hapo ndipo utakapoona pengo.

Pigania makao makuu wakubali mikataba ya maafisa wa kilimo iishe Septemba, msimu ukishafungwa. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Bonasi nayo igawanywe: nusu mkopo unapotoka, nusu marejesho yanapokamilika, na ilipwe hata kama afisa ameshaondoka, iandikwe ndani ya mkataba, maana ahadi ya mdomo hawataiamini. Jibu la kuongezewa au kutoongezewa litoke siku 90 kabla, kwa barua. Ukikaa kimya, kila mtu atajihesabu ameachwa, na aliye bora ndiye atakayepata kazi kwingine kwanza.

Anayeondoka apewe wiki mbili za kuzunguka mashambani na anayempokea. Orodha ya namba za simu haitoshi, kwani mkulima hupokea simu ya mtu anayemfahamu.

SWALI: Mimi ni keshia Iringa. Mkataba wangu wa mwaka umeongezwa mara mbili. Wa sasa unaisha mwezi ujao, na meneja ananiambia tu, "Usiwe na wasiwasi, utaendelea." Nifanye nini?
Msomaji, Iringa

JIBU: Dada au kaka, mwandikie leo. Barua pepe ya mistari mitatu inatosha: tarehe mkataba unapoisha, maneno aliyokuambia, na ombi la uthibitisho. Tunza nakala nje ya kompyuta ya ofisi, pamoja na mikataba yote ya nyuma.

Kwa kawaida mkataba wa muda maalumu huisha wenyewe tarehe yake ikifika. Lakini kifungu cha 36 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinahesabu kutoongezewa mkataba kuwa ni kuachishwa kazi, endapo ulikuwa na matarajio ya msingi ya kuongezewa. Utatakiwa kuyaonyesha matarajio hayo, na wengi hukwama hapo kwa kuwa ahadi zote zilikuwa za mdomo. Ukiachwa, una siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huzimaliza wakisubiri kupigiwa simu na meneja.