Barua kwa mwanangu, kuhusu ripoti unayoogopa kuiandika

Moshi, Jumapili jioni

Marahaba mwanangu. Hapa nyumbani tu wazima, mvua imeanza na migomba imepata nguvu.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza hivi: ukiandika kwamba vijana mliowahudumia hapo Ngarenaro, Arusha, kwa miaka minne hawana tofauti na wale ambao hamkuwahudumia, na wengine wana hali mbaya zaidi, je, hutakuwa umewasaliti walezi waliojitolea na watoto wenyewe? Jambo hili sikutaka kulijibu kwa simu. Iandike, mwanangu. Iandike kama ilivyo.

Kuna mama mmoja ambaye sijaacha kumfikiria tangu ulipouliza. Aliitwa Joan McCord, mwanasosholojia wa Marekani. Nilipokuwa nasoma ustawi wa jamii Dar es Salaam, mwalimu wetu alitugawia makala yake ya mwaka 1978, fotokopi iliyofifia mpaka tukaisomea dirishani. Usiku ule sikulala vizuri.

Makala ilihusu mradi wa Cambridge na Somerville, miji miwili ya Massachusetts. Daktari Richard Cabot aliuasisi akitaka kuwaepusha wavulana na uhalifu. Waliwapanga wavulana wawili wawili, wanaolingana umri, tabia na hali ya nyumbani, kisha wakarusha shilingi: mmoja anahudumiwa, mwenzake anaachwa. Walibaki 253 kila upande. Kuanzia mwaka 1939 mshauri alimtembelea mtoto nyumbani kama mara mbili kwa mwezi, kwa wastani wa miaka mitano na nusu. Walisaidiwa masomo, wakatibiwa, wakapelekwa kambini wakati wa kiangazi. Ni kazi ile ile unayoifanya wewe, na niliyoifanya mimi.

McCord aliukuta mradi umekwisha. Alikuwa amefundisha shule ya msingi, akaanza kuyapitia mafaili ya mradi huo miaka ya 1950 pamoja na mumewe. Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 1968, akiwa mama wa watoto wawili. Miaka ya 1970 akawarudia wale wavulana, sasa watu wazima wenye mvi. Aliwatafuta kwenye kumbukumbu za mahakama, za hospitali za magonjwa ya akili na za vifo, akawapata karibu wote. Thuluthi mbili ya waliojibu maswali yake walisema mradi uliwasaidia. Wengine waliwakumbuka washauri wao kwa upendo.

Lakini alipowalinganisha na wenzao walioachwa, waliohudumiwa ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi. Waliowahi kufanya kosa walirudia zaidi. Ulevi ulikuwa zaidi, ugonjwa wa akili zaidi, na waliofariki walikuwa wamefariki wakiwa na umri mdogo zaidi. Hebu fikiria kuwa mwanamke katika fani iliyojaa wanaume, halafu ujitokeze kusema kwamba wema umeumiza. Alisema. Na mwaka 1989 chama cha wanakriminolojia wa Marekani, yaani wataalamu wanaochunguza uhalifu, kilikuwa na rais mwanamke kwa mara ya kwanza, naye ni yeye.

Sababu aliendelea kuitafuta mpaka uzeeni. Mwaka 1999, yeye na wenzake wawili walionyesha kwamba madhara yaliwaangukia hasa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Ukiwakusanya vijana wenye matatizo mahali pamoja, wanafundishana na kusifiana.

Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea kusoma, mwanangu. Unakumbuka vijana niliokuwa nikiwapeleka kambini kila likizo ya Desemba, karibu na msitu wa mlima? Wewe ulikuwa unalia unataka tufuatane. Kituo nilichofanyia kazi kiliwachagua wale waliokwisha kushikwa kwa wizi, wakakaa pamoja wiki mbili. Usiku, sisi walezi tukishalala, wao walikuwa wakisimuliana. Mvulana wa miaka 11, ambaye kosa lake lilikuwa kuchukua hela za mama yake, alirudi akijua namna ya kukata nyavu za dirisha bila kusikika. Alinionyesha mwenyewe, kwa fahari. Nililiona, na kwenye ripoti sikuliandika. Niliambatisha barua zao za shukrani, na mwaka uliofuata tukawapeleka wengine.

Kwa hiyo unaponiuliza kuhusu usaliti, mimi namwona mtoto yule.

Ila kabla hujatuma ripoti, niambie jambo moja: wale mnaowalinganisha nao mliwapataje? Kama mliwachukua kwanza waliokuwa na shida kubwa, basi makundi hayakulingana tangu mwanzo, na ripoti lazima iseme hivyo. Ndiyo maana ile shilingi iliyorushwa ilikuwa na thamani kubwa kuliko ilivyoonekana. Na walezi waambie wewe mwenyewe, ana kwa ana, kabla hawajaisoma kwenye karatasi. Wamewabeba watoto wale kwa nauli zao wenyewe, hawastahili kushtukizwa.

Tena uwasihi waendelee kuandika wanachokiona kila wanapotembelea nyumba. Wale washauri wa Massachusetts waliandika kila ziara: nani anamkumbatia mtoto, nani anamfuatilia alipo, baba na mama wanagombanaje. Kutokana na maandishi hayo McCord alieleza namna malezi ya mama na ugomvi wa wazazi vinavyohusiana na uhalifu wa mtoto akishakuwa mtu mzima. Mradi ulishindwa, maandishi yake yakafanya kazi miaka mingi baadaye.

Kaunta buku zangu nne bado ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi yako. Zina majina ya vijana wangu wote wa kambini, na ya wachache ambao nafasi hazikuwatosha. Majina hayo ni siri, usimwonyeshe mtu. Njoo Jumamosi, upande gari la asubuhi. Mama wa mmoja wao bado anaishi Pasua, na wa yule mwenye nyavu nimesikia yuko Njoro. Tutakwenda wote wawili.

Mama yako