Kwa watarajali wanaoingia wodi ya watoto wachanga

Wadogo zangu, dawa za wodini mtazizoea haraka, maana dozi zimebandikwa ukutani. Kitakachowachukua muda ni mikono yenu.

Kosa linaloniuma hadi leo nililifanya mwaka wangu wa pili kazini. Usiku huo tulikuwa wauguzi wawili kwa watoto zaidi ya thelathini. Nilivaa glovu mara moja, nikapita nazo kitanda hadi kitanda: huyu namwekea kanula, yaani kimrija cha mshipani, yule namsafisha kitovu. Niliamini glovu ni kinga. Kweli ilikuwa kinga, lakini yangu mimi, si ya watoto. Tena ampuli, vile vichupa vya kutumia mara moja, za maji ya chumvi zilikuwa zimeisha, tukawa tunavuta kwenye chupa moja kusukumia kanula za wote.

Wiki ile watoto watatu waliolala pembe moja miili ilipoa, wakaacha kunyonya. Damu zao zilipooteshwa maabara, yaani kuwekwa bakteria wakue waonekane, wote walikutwa na bakteria aitwaye Klebsiella. Antibiotiki ya jentamisini haikuiweza, seftriaksoni nayo haikuiweza. Mmoja alifariki. Sitajua kamwe kama ni mimi niliyewabebea.

Bakteria huyu hukaa tumboni mwa mtu mzima bila kumsumbua, ila kwa mtoto njiti huingia kwenye damu. Walio sugu hutengeneza vimeng'enya vinavyoivunja dawa kabla haijawadhuru, na vinasaba vya usugu huo hupeana wao kwa wao, hata na bakteria wa aina nyingine. Ukimbeba bakteria huyo kitanda hadi kitanda, umehamisha na silaha zake.

Kwa hiyo glovu ni za mtoto mmoja, na ukizivua bado unatakasa mikono. Kwa kitakasa chenye spiriti, sugua sekunde 20 hadi 30. Kwa sabuni na maji, shughuli nzima ni sekunde 40 hadi 60. Hesabu kweli, maana ukichoka sekunde tano huonekana nyingi. Chupa ya maji ya chumvi isivuke kitanda. Sinki la kunawia msimwagie mabaki ya dripu wala maziwa. Bakteria hawa hustawi kwenye bomba lake la maji machafu, kisha hurukia mikono ya anayenawa.

Mkishuku maambukizi ya damu, chukueni damu ya kuotesha kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Daktari akiwa na haraka, muulizeni kwa heshima: "Dokta, nitoe ya maabara kwanza?" Lakini mtoto aliyezidiwa asicheleweshewe dawa kwa sababu chupa ya kuoteshea haionekani.

Majibu ya awali mara nyingi hupatikana baada ya siku mbili hivi. Yafuateni wenyewe maabara. Nimewahi kukuta karatasi ya majibu imelala kaunta siku nzima, na mtoto anaendelea kuchomwa dawa ambayo karatasi hiyo inasema haimsaidii.