Jibu: Siku tano Unguja na familia, na kwa nini mwezi utazamwe kabla ya orodha

Ndugu mwuliza swali, nimesoma orodha yako ya sehemu kumi na moja unazotaka kuzitembelea Unguja kwa siku tano za mwezi wa Agosti, ukiwa na mkeo, watoto wawili na mama yako mzazi, huku mkikusudia kulala pwani ya mashariki siku zote na kukodi gari la kuwazungusha kila asubuhi. Umeuliza kipi kikatwe na kipi kitangulie. Mimi ni mtu wa bara niliyeoa Jambiani, kijiji cha pwani hiyo hiyo ya mashariki, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapeleka ndugu na marafiki katika sehemu hizo hizo ulizozitaja, kwa hiyo jibu hili limetokana zaidi na makosa yangu mwenyewe kuliko na vipeperushi vya watalii.

Kabla ya kukata chochote, tazama tarehe zenu zinaangukia siku gani za mwezi mwandamo. Maji ya Unguja hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na yanapofika bamvua, yaani siku zinazozunguka kuandama kwa mwezi na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji ya kupwa hufikia kama mita nne. Katika siku hizo za bamvua maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa wastani wa dakika 50, maana yake ni kwamba ratiba iliyokufaa siku ya kwanza itakuwa imepotoka kwa zaidi ya saa tatu ifikapo siku ya tano. Juma moja baada ya bamvua huja maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali wala haiji kwa nguvu, na tofauti hiyo hupungua sana. Wenyeji hawahitaji jedwali lolote kwa sababu wanazihesabu siku za mwezi, lakini mgeni anayepanga kwa kalenda ya ukutani peke yake hushangaa kukuta bahari aliyoiona kwenye picha imehama.

Mimi nilishangaa hivyo hivyo. Safari yangu ya kwanza ukweni niliamka nikiwa na taulo begani, nikatoka kwenda kuogelea mnamo saa tatu asubuhi, nikakuta mchanga, vidimbwi na majani ya bahari mpaka kwenye mwamba unaovunja mawimbi, mwendo wa zaidi ya kilomita moja. Mama mkwe wangu, ambaye ni mkulima wa mwani, alikuwa tayari huko mbali na wenzake, wameinama. Aliporudi aliniambia kwa utulivu kabisa, "Mwanangu, hizi ni saa za kazi. Bahari ya kuchezea itakuja baada ya adhuhuri." Tangu siku hiyo sijapanga safari ya mtu yeyote bila kumwuliza kwanza yeye.

Kosa la pili lilinigharimu fedha. Nilikuwa na wageni watano, nikakubaliana na papasi mmoja pale mjini (wanaojua Mji Mkongwe wanawafahamu hawa madalali wa watalii wanaomganda mtu kama jina lao) kwamba atupeleke kisiwa cha Changuu asubuhi na kumalizia fungu la mchanga la Nakupenda alasiri, tule samaki mchangani. Ilikuwa siku ya bamvua. Tulipofika saa tisa, fungu lenyewe lilikuwa limebaki ukanda mwembamba wa kusimama watu wachache, na kabla samaki hajageuzwa mara ya pili maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu yetu. Tulikula tukiwa ndani ya mashua. Fungu lile huibuka maji yanapokupwa na kuzama yanapojaa, na huyo papasi alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Ikiwa tarehe zenu ni za bamvua, anzeni na fungu asubuhi kisha mwende Changuu.

Kisiwa cha Changuu chenyewe nisingekikata, kwa ajili ya watoto. Jela iliyojengwa huko katika miaka ya 1890 haikuwahi kufungia wahalifu, bali kisiwa kiligeuzwa karantini ya wasafiri waliohofiwa kuwa na magonjwa. Lakini watoto hawatajali habari hizo mara watakapowaona kobe wakubwa wa Aldabra. Wanne wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na baadhi ya hao waliopo wameandikwa umri juu ya magamba yao. Tahadhari ni moja tu: kupanda na kushuka mashuani mara nyingi ni kwa kukanyaga maji, kwa hiyo zungumza mapema na nahodha kuhusu mama, na kama magoti yanamsumbua, mwacheni apumzike mjini na mmoja wenu.

Nikirudi kwenye mpango wako wa kulala mashariki siku zote, ningeugawa. Kutoka Jambiani au Paje hadi Mji Mkongwe ni mwendo wa zaidi ya kilomita 50, na ukiurudia kila siku utakuwa umemwonyesha mama yako barabara kuliko kisiwa. Laleni mjini usiku wa kwanza na wa pili, halafu mhamie mashariki mkipitia msitu wa Jozani, ambao uko njiani.

Mjini, sehemu ninayoipa uzito kuliko zote ni Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini. Lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lililokuwa hapo lilipofungwa kwa mkataba ambao Sultani Barghash alitia saini kwa shinikizo la Waingereza, na altare yake imewekwa pale panaposemekana palikuwa na nguzo ya kuchapia watumwa. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi na ambaye pia aliandika vitabu vya mwanzo vya sarufi ya Kiswahili, amezikwa nyuma ya altare hiyo. Nje kuna shimo lenye sanamu tano za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Watu wengi hupiga picha na kuondoka ndani ya dakika kumi. Mpeni mama kiti, kaeni nusu saa, na waacheni watoto waulize maswali. Binti yangu alipokuwa na miaka minane aliuliza kama minyororo ile ni ya kweli, na jibu kwamba ni minyororo halisi lilimnyamazisha mpaka jioni.

Jumba la Maajabu, Beit al-Ajaib, lililojengwa na Barghash mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo ulizia hali ya ukarabati kabla ya kuwaahidi watoto kuingia ndani. Ngome Kongwe iko jirani, na haihitaji muda mrefu. Muda unaobaki utumieni kutembea vichochoroni mkitazama milango: mfaa uliochongwa katikati, njumu za shaba, minyororo na mitende kwenye fremu. Watoto wangu walishindana kutafuta mlango wenye samaki, na mchezo huo ulitufikisha mbali kuliko mwongozaji yeyote. Kama mpo siku za bamvua, fikeni bustani ya Forodhani mnamo saa kumi jioni badala ya kusubiri vyakula vya usiku, kwa sababu maji yanakuwa yamejaa hadi ukutani na vijana hujitosa baharini mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mtindo wake.

Jozani ni asubuhi moja kamili. Ndiyo sehemu kubwa zaidi ya msitu wa asili iliyobaki Unguja, na tangu mwaka 2004 ni hifadhi ya taifa ikiunganishwa na Ghuba ya Chwaka. Kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama usoni, asili yake ni kisiwa hiki peke yake. Waliopo msitu wa Ngezi kule Pemba walipelekwa na watu. Jambo ninalopenda kuwaambia wageni ni kwamba kima hawa hula makaa. Huokota vipande penye matanuri na visiki vilivyoungua, na watafiti wameeleza kwamba makaa husaidia kunasa kemikali zenye madhara zilizomo katika majani ya miembe na mikungu wanayoyapenda. Msiwalishe wala msiwaguse hata wakiwapita miguuni, maana maradhi ya binadamu huwapata nao. Njia ya mbao kwenye mikoko ya Pete, ng'ambo kidogo, hubadilika kulingana na maji: yakijaa unatembea juu ya ziwa, na yakipwa unaona mizizi na kaa wakikimbilia mashimoni. Mimi nachagua kupwa. Chukueni vitambulisho vya taifa, kwa kuwa kiingilio cha raia ni nafuu mno kuliko cha wageni wa nje.

Kilimo cha mwani hakimo kwenye orodha yako, nami nashangaa, kwa sababu ndicho kitu ambacho pwani ya mashariki inaweza kukuonyesha na hoteli haiwezi. Kilianza kibiashara mwaka 1989, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake. Vijiti, ambavyo wakulima huviita mambo, hukitwa mchangani, kamba huvutwa kati yake, na vipande vya mwani hufungwa kwenye kamba hizo na kuachwa kwa takriban wiki sita kabla ya kuvunwa, kuanikwa na kusafirishwa nje, ambako hutumika katika vyakula na dawa za meno. Kazi hiyo hufanyika maji yakipwa sana, kwa hiyo ukifika siku za maji mafu utaona watu wachache mno. Ombeni ruhusa kwa mwenye shamba, mwandamane na mwenyeji, msikanyage kamba, na kila mmoja avae viatu vya mpira, maana kwenye vidimbwi kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu ambayo hukatikia mguuni. Njiani mtawaona wanaochokoa pweza, na watoto watataka kuokota kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota. Waambieni wasimtoe majini. Maji yakianza kurudi, rudini nayo, msingoje yafike magotini, kwa kuwa hujaza mifereji iliyo nyuma yenu kwanza.

Kuhusu Agosti: ni msimu wa kusi, hakuna mvua nyingi, lakini upepo unapiga pwani ya mashariki moja kwa moja na nje ya mwamba bahari huchafuka. Kama mnataka kuvaa miwani na mrija na kutazama matumbawe, fanyeni hivyo upande wa magharibi mkiwa bado mjini. Chumbe, kisiwa kidogo ambako mwamba umehifadhiwa tangu 1994, ni pazuri mno, ila nafasi za wageni wa siku ni chache na huombwa mapema. Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, hamtauona, kwa kuwa hufanyika Julai.

Sasa cha kukata. Kateni Mnemba na Nungwi. Ziko kaskazini, nanyi mtakuwa mnalala mjini na kusini-mashariki. Kateni pia safari ya pomboo ya Kizimkazi. Niliifanya mara moja, nikaona mashua zaidi ya kumi zikiwafukuza pomboo wanne, na sijarudi. Lakini Kizimkazi yenyewe msiikate: pale Dimbani kuna msikiti ambao kwa nje ni nyumba ya kawaida yenye paa la bati, na ndani, kwenye kibla, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Jengo limejengwa upya baadaye, lakini maandishi yamebaki. Mtafuteni mwangalizi, vueni viatu, vaeni mavazi ya heshima, epukeni nyakati za sala, na acheni sadaka.

Mashamba ya viungo yatoshe saa mbili tu, mkiunganisha na hamamu za Kidichi ambazo Sultani Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850. Mama atafurahia kungumanga likiwa bado limevikwa basbasi yake nyekundu, na watoto watajipaka mzingefuri midomoni.

Ukiandika hapa tarehe zenu kamili na kijiji mtakachofikia, nitamwuliza mama mkwe maji yatakuwa wapi asubuhi ya kila siku, nami nitakupangia ipi itangulie.