Pima prosesa ikishapata moto

Ukienda kununua laptopu ya mtumba, muuzaji atakwambia, "Hii i7 hii (aina ya prosesa ya Intel), inapaa." Usibishane naye. Mwombe chaja, maana laptopu nyingi hupunguza kasi zikiwa kwenye betri. Iwashe kwa flashi yenye Ubuntu (mfumo endeshi wa bure), uiunganishe na hotspoti ya simu yako, kisha ufungue terminali, yaani dirisha la kuandikia amri:

sudo add-apt-repository -y universe; sudo apt update; sudo apt install sysbench

Hiyo sysbench ni programu ndogo ya kupima kasi, haitamaliza bando. Ikishaingia, andika:

sysbench cpu --threads=$(nproc) --time=300 --report-interval=10 run

Kazi yake ni kutafuta namba tasa zote hadi 10,000, tena na tena. Kila duru ni tukio moja. Hiyo nproc inahakikisha nyuzi zote za prosesa (njia zake za kufanya kazi sambamba) zinatumika. Usipoiambia kitu, sysbench hutumia uzi mmoja tu na kukoma baada ya sekunde 10, na kwa sekunde 10 hata mashine mgonjwa huonekana mzima. Joto bado halijapanda.

Kila baada ya sekunde 10 utaona mstari wenye "eps", yaani matukio kwa sekunde. Mimi hulinganisha mistari ya mwanzo na ya mwisho. Kushuka kidogo ni kawaida, kwani prosesa za siku hizi huanza kwa kasi ambayo haziwezi kudumu nayo. Ila zikishuka hadi nusu, mara nyingi feni imejaa vumbi au pesti ya kupitisha joto imekauka. Hayo yanatengenezeka, kwa hiyo omba upunguziwe bei kabla ya kuikimbia. (Muuzaji akianza kukuharakisha dakika ya pili, naye amekujibu.)

Namba za intaneti zitazame kwa tahadhari. Matoleo ya zamani ya sysbench, kama 0.4, yalipima muda wa kumaliza matukio 10,000, hivyo namba ndogo ndiyo nzuri; ila tangu 1.0 muda umewekwa, na unachotafuta ni matukio mengi. Hata Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) ileile hutoa matokeo yaliyoachana mno kwenye mfumo wa biti 32 na wa biti 64.

Tena, sysbench cpu haigusi diski, na RAM haiisumbui. Kwa maoni ya pili mimi huendesha 7z b, amri ya kipimo ya 7-Zip (programu ya kubana mafaili): inabana na kufungua data, inashughulisha RAM pia, na jibu lake huja kwa MIPS, yaani mamilioni ya maagizo kwa sekunde.