Mstari mmoja siku ya sita

SWALI: Nilipandikizwa kiinitete (yai lililorutubishwa maabara) cha siku 5, leo ni siku ya 6 tangu hapo. Nimepima mimba kwa mkojo mara mbili, mstari mmoja tu. Niache dawa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Usiache, dada. Umepima mapema mno. Kiinitete kikishajishika kwenye ukuta wa mji wa mimba ndipo homoni ya hCG, ile inayotafutwa na kipimo cha mimba, huingia kwenye damu, tena kidogo kidogo; vipimo vingi vya mkojo huhitaji kama miliuniti 25 kwa mililita. Pima damu kati ya siku ya 9 na 14 tangu kupandikizwa, kisha rudia baada ya saa 48. Namba moja pekee haisemi mengi; tunatazama mwendo. Kwenye mimba changa inayokwenda vizuri, hCG mara nyingi hukaribia maradufu ndani ya siku mbili au tatu. Ikipanda kwa kusuasua, huenda mimba inaharibika au imetunga nje ya mji wa mimba.

Aliyechomwa sindano ya hCG ya kupevusha mayai anaweza kuona mistari miwili ya uongo kwa siku 10 hivi. Na matiti kuuma? Projesteroni, hiyo dawa unayouliza, yenyewe huleta hayo, mimba iwepo isiwepo. Endelea nayo mpaka daktari aone majibu ya damu.