Maswali ya Wasomaji: Mizani Imegoma, Futi Inasemaje?

Barua nyingi za safari hii zimetoka Tanga mjini, na karibu zote zina kilio kimoja: mtu anajibana, anatembea, jasho linamtoka, lakini hakioni kinachopungua. Tumechagua tano.

SWALI: Hamjambo dawati la afya. Nina miaka 38. Wiki sita sasa kila alfajiri natembea hadi Raskazone na kurudi, na wali wa usiku nimeacha. Nilianza na kilo 86. Wiki mbili za mwanzo nikashuka hadi 83, nikafurahi. Tangu hapo mizani imeganda, na juzi ikasoma 84.5! Ndiyo kusema mwili umeshazoea mazoezi? Natamani niache tu.
*Mama wa Watatu, Makorora*

JIBU: Usiache, dada yetu. Zile kilo 3 za mwanzo hazikuwa mafuta zote, na hapo ndipo hesabu ilipokupotosha. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, kiasi cha gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima, na kila gramu hukaa na maji yapatayo gramu 3. Ukipunguza wali, akiba ile hupungua na maji yake hutoka nayo. Kwa hiyo wiki za mwanzo hushuka kwa kasi, na anayengoja kasi ile iendelee lazima avunjike moyo. Mafuta hayana haraka. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori karibu 7,700, kwa hiyo ukila pungufu ya mahitaji yako kwa kalori 500 kila siku, utapoteza kama nusu kilo kwa wiki. Kwa mwendo wako na sahani uliyoiacha, tarajia robo hadi nusu kilo.

Shida ni kwamba nusu kilo hufichwa na maji kwa urahisi. Uzito hupanda na kushuka kilo 1 hadi 2 ndani ya siku mbili tatu bila mafuta kuongezeka hata chembe. Ukila papa mkavu au ng'onda usiku, chumvi hushika maji hadi kesho yake na zaidi. Siku chache kabla ya hedhi wanawake wengi hujaa maji. Misuli iliyopewa kazi mpya nayo huvimba kidogo inapojikarabati. Kukosa choo siku mbili kunaonekana kwenye mizani vilevile. Ili ile 1.5 ya juzi iwe mafuta, ungepaswa kula zaidi ya kalori 11,000 juu ya mahitaji yako. Hukula hizo.

Kwanza, hakikisha mizani yenyewe haikudanganyi. Iweke juu ya saruji au vigae, kamwe si juu ya zulia au mkeka, na uangalie mshale uko kwenye sifuri kabla ya kupanda. Chukua dumu la lita 20, lijaze maji hadi alama moja, lipime leo na kesho. Maji ya lita 20 ni kilo 20, ongeza kidogo kwa dumu lenyewe. Dumu lilelile likisoma 21 leo na 19.5 kesho, mgonjwa ni mizani. Kama unapima kwa wale wa stendi, chagua mmoja ubaki naye.

Kisha jipime asubuhi, baada ya choo na kabla ya chai, ukiwa na kanga ileile. Andika kila siku, lakini usiihukumu namba ya siku moja. Jumlisha siku saba, gawa kwa saba. Tuseme wiki hii umepata 83.4, 84.1, 83.0, 82.8, 83.9, 83.2 na 83.0: wastani ni 83.3. Wiki ijayo 83.1, 82.6, 83.8, 82.9, 82.5, 83.0 na 82.7: wastani ni 82.9. Ukiitazama ile 83.8 ya katikati utalia, na kumbe umepungua gramu 400. Kwa sababu ya hedhi, ulinganisho wa haki zaidi ni wiki inayofuata hedhi ya mwezi huu na ile iliyofuata hedhi ya mwezi uliopita. Wako ambao kupima kila siku kunawakosesha raha hadi wanakula kwa hasira. Hao wapime mara moja tu kwa wiki, siku ileile.

Shahidi wa pili ni futi ya fundi cherehani. Simama wima, miguu imeachana kidogo. Papasa ubavuni mpaka uguse ukingo wa chini wa mbavu ya mwisho, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hapo pitisha futi juu ya ngozi, si juu ya nguo, iwe sawa mbele na nyuma, iguse bila kubana. Toa pumzi kawaida, soma. Rudia, na namba zikipishana zaidi ya sentimita 1, anza upya. Makosa tunayoyasikia zaidi ni mawili: kuvuta tumbo ndani, na kupima pale mkanda wa suruali unapokaa, ambako kitambi huning'inia juu yake bila kuguswa. Fanya hivi kila baada ya wiki mbili. Kwa mwanamke, kiuno cha sentimita 80 kwenda juu ni dalili ya hatari ya kiafya kuongezeka, na kuanzia 88 hatari ni kubwa. Kwa mwanamume ni 94 na 102.

Na dera unalovaa nyumbani, dada, usiliulize lolote. Lilishonwa lisimshike mtu, litakuwaje likuambie umepungua? Tafuta gauni moja la kitambaa kisichovutika, lile lililokubana, ulijaribu kila mwezi. Piga picha nalo, mbele na ubavu, simu ikiwa usawa wa kitovu na mwanga uleule.

Mwisho, pima kazi ya miguu. Njia ileile ya Raskazone, hesabu dakika. Mwendo unaofaa ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Wengi huona dakika zinapungua kabla ya kilo, maana moyo na mapafu hujirekebisha mapema.

SWALI: Kuna chai ya kusafisha tumbo inauzwa mtaani, wanasema wiki moja kilo 4. Na rafiki yangu anakimbia amejifunga nailoni tumboni. Vinafaa?
*Msichana wa Ngamiani*

JIBU: Havifai. Chai nyingi za namna hiyo zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Kinachotoka ni maji na choo, kikombe cha kwanza cha maji kinakirudisha. Ukiitumia mfululizo unapoteza madini ya potasiamu, na yakishuka mno mapigo ya moyo huvurugika. Nailoni hutoa jasho tu, na kwa joto la Tanga la Januari ni njia ya haraka ya kuzimia barabarani. Mwambie rafiki yako aivue.

SWALI: Mimi ni mwalimu, miaka 45. Soda nimeacha, nyama choma nimeacha, wali nimepunguza nusu. Miezi mitatu, kiuno kiko palepale, inchi 41. Tatizo nini?
*Mwalimu, Chumbageni*

JIBU: Mwalimu, kwako jibu ni tofauti na la dada wa Makorora. Wastani wa uzito na kiuno vyote viwili visiposogea kwa wiki nne, maji hayawezi kusingiziwa tena. Unakula sawasawa na unachotumia. Tazama vitu ambavyo watu hawavihesabu kama chakula.

Anza na mafuta ya kupikia, maana hapo ndipo nyumba nyingi hupotelea. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120. Usipime kila chungu, pima chupa: andika tarehe kwenye chupa ya lita moja siku inapofunguliwa. Ikiisha kwa siku nne katika nyumba ya watu watano, kila mmoja amekula mililita 50 kwa siku, yaani kalori 400 na ushei, kabla hujahesabu punje ya wali. Ivute chupa hiyo ifike siku nane, umeokoa karibu 200 kwa kila mtu na hakuna aliyenyimwa sahani. Kaa na mama nyumbani mpange pamoja. Kumlaumu aliyeshika mwiko hakupunguzi kiuno cha mtu. Kitunguu hukaangika kwa vijiko viwili vya mafuta, maji kidogo na moto mdogo, mradi sufuria ifunikwe. Kinachoharibika ni pale moto unapokuwa mkali: kitunguu kinaungua, na mpishi anarudi kwenye chupa.

Halafu nazi. Nazi iliyokomaa ina nyama ya gramu 300 hadi 400, na theluthi yake ni mafuta. Mengi ya hayo huingia kwenye tui la kwanza. Hatusemi watu wa Tanga waache nazi, nani angetusikiliza? Lakini wali wa nazi, mbaazi za nazi na samaki wa nazi mezani pamoja ni nazi mara tatu. Chagua kimoja. Wali ukiwa wa nazi, samaki awe wa kuchoma na ndimu. Mchuzi ukiwa wa nazi, upikwe kwa tui la pili, la kwanza liingie vijiko viwili vitatu mwishoni kwa ladha.

Soda umeacha, vizuri, lakini chai je? Vijiko 3 vya sukari kwa vikombe 4 ni vijiko 12, gramu 48 hivi, kalori 190. Hiyo inashinda soda ya mililita 350. Shuka nusu kijiko kila wiki, ulimi hauoni tofauti. Andazi moja la wastani huwa na kalori kama 200, na staff room nyingi haziishii kwenye moja.

Na shughuli za mwisho wa wiki. Siku tano za pungufu ya kalori 500 ni 2,500. Jumamosi na Jumapili ukizidisha 1,250 kila siku, umerudi sifuri, na Jumatatu utaapa kwamba wiki nzima ulijinyima. Kwenye pilau, jaza kachumbari nusu sahani kwanza, nyama na wali baadaye.

SWALI: Nimepungua kilo 7, sasa kila nikipita mtaani naulizwa "mbona umekonda, unaumwa?" Mama mkwe ananilazimisha kula. Nimeanza kulegea.
*Dada wa Mabawa*

JIBU: Kilo zimeonekana, hiyo ni ripoti ambayo wengine wanaililia! Kwa mama mkwe usibishane mezani. Pokea sahani, jipakulie samaki na mchicha mwingi, wali kidogo, na kula taratibu ili usiwe wa kwanza kumaliza. Anayemaliza ndiye anayeongezewa. Mweleze faragha kwamba ulipunguza kwa makusudi kwa ajili ya presha au magoti, kama ndivyo ilivyo. Lakini kama uzito unashuka bila wewe kujibana, au pamoja na kikohozi, homa za jioni au kiu isiyokatika, basi swali la jirani ni la haki na ukapime.

SWALI: Wanangu, nina miaka 61, nina sukari na presha, nahudhuria kliniki. Kwa miezi mitano nimetoka kilo 92 hadi 88. Kilo 4 tu! Na miguu inavimba jioni. Niendelee?
*Bibi wa Usagara*

JIBU: Shikamoo bibi. Endelea. Asilimia 5 ya uzito wa mwanzo ndipo sukari na presha huanza kupata nafuu inayopimika, na kwako ni kilo 4.6. Umebakiza gramu 600. Fungua daftari lako la kliniki, linganisha presha na sukari za miezi mitano iliyopita na za sasa. Huenda zimetangulia mizani.

Miguu isikae hivihivi. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, hesabu hadi kumi, achia. Kikibaki kishimo, ni maji. Chanzo chaweza kuwa moyo, figo, au dawa: amlodipini ya presha inajulikana kwa kuvimbisha vifundo. Usiikatishe mwenyewe, peleka habari hiyo kliniki. Ukivimba pamoja na kukosa pumzi ukilala, usingoje tarehe ya kliniki.

Jambo jingine, bibi: kama unatumia insulini au vidonge vya sukari vya glibenklamaidi, kula kidogo na kutembea zaidi vyaweza kushusha sukari kupita kiasi. Ukitetemeka, ukatokwa jasho la baridi na njaa ya ghafla, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, usubiri dakika 15, na urudie kama hujatulia. Dalili hizo zikikutokea hata mara moja, mwambie daktari kwamba umepungua kilo 4. Dozi yako ilipangwa kwa mwili wa kilo 92.